Vigari vya Safari katika kabati la Malindi

Mtu anayekusanya vigari vya mfano vya mashindano hana budi kujiwekea mpaka, la sivyo pesa zitamwishia kabla hajapata mkusanyiko wenye maana. Mpaka wangu ni mmoja: nahifadhi magari yaliyoshiriki Safari Rally, basi. Magari ya Formula 1 yanapendeza, na ya Le Mans yana maumbo ya kuvutia mno, lakini hayo yalikimbia katika nchi za watu. Datsun au Lancia ya Safari ilibeba vumbi letu na kusukumwa na vijana wetu ilipokwama matopeni, na habari zake zilifuatwa redioni kila Pasaka hadi huku pwani.

Mashindano haya yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miongo mingi yalifanyika katika barabara za kawaida, zenye ng'ombe, wapita njia na wanyamapori, na ndiyo maana gari la Safari halikufanana na lile lile lililokimbia Ulaya. Mbele liliwekewa vyuma vizito vya kinga, likainuliwa ili tumbo lisigonge mawe, likaongezewa taa, na mengi ya miaka ya baadaye yakapandishiwa bomba la kuvuta hewa ubavuni mwa kioo cha mbele ili injini isinywe maji wakati wa kuvuka mito. Mambo haya ndiyo ninayoyatazama kwanza ninapoonyeshwa kigari. Baadhi ya watengenezaji hutumia kalibu moja kwa mashindano yote, wakabadilisha namba na stika tu, na matokeo yake ni gari la lami lililobandikwa jina la Safari. Kigari cha aina hiyo sikinunui hata kikiwa cha bei ya kutupa.

Chukua Subaru Impreza ambayo Colin McRae alishindia mwaka 1997. Kwa kipimo cha 1:43, yaani kigari ni kidogo mara 43 kuliko gari halisi, kipimo ambacho chimbuko lake ni treni za mfano za Uingereza, gari zima lina urefu wa sentimita 10 hivi, linaenea kiganjani. Vyuma vya kinga vina unene unaokaribia wa sindano ya kushonea, bomba la hewa limesimama pembeni mwa kioo, na nyuma ya magurudumu zinaning'inia bapa za kuzuia mawe. Ukikishika chini ya taa unaona ndani mikanda ya viti, na fito za chuma zinazolinda abiria gari linapopinduka. Kwa kipimo cha 1:18 gari hilo hilo lingefika sentimita 24, na milango na boneti mara nyingi hufunguka, lakini kabati langu lingejaa upesi, na nadhani jicho hupata raha zaidi pale usanifu ulipobanwa katika nafasi ndogo.

Kuna jambo la stika. Subaru ile ilikuwa ya buluu yenye namba 555, nembo ya sigara, na kwa kuwa nchi nyingi zimepiga marufuku matangazo ya tumbaku, vigari vingi hutoka kiwandani bila nembo hiyo. Wako wanaoviacha hivyo, nami nawaheshimu. Mimi sivuti sigara wala sipendi mtu avute, lakini kigari hiki ni kumbukumbu ya gari lilivyokuwa siku ile, kwa hiyo nembo naziagiza pembeni na kuzibandika mwenyewe: unakata, unalowesha katika maji ya vuguvugu hadi karatasi iachie, unaitelezesha stika kwa ncha ya brashi, kisha unafyonza maji kwa kona ya kitambaa. Feni izimwe. Upepo kidogo tu, stika imejikunja na haikunjuki tena.

Adui mkubwa wa mkusanyaji wa Malindi ni hewa yenyewe. Vigari vingi vya chuma hutengenezwa kwa mchanganyiko wa zinki, alumini, magnesi na shaba. Madini haya yakiwa safi hudumu, lakini yakichanganyika na risasi, hata kidogo, chuma huanza kuoza kwa ndani: rangi huvimba, nyufa hutokea, na mwishowe kigari humeguka mkononi. Ugonjwa huu hauna dawa, na joto na unyevu huuharakisha, vitu viwili ambavyo sisi hatukosi kamwe. Kabla sijanunua kigari cha zamani nakigeuza, nakagua chasisi na mizizi ya bampa, na nikiona malengelenge chini ya rangi nashukuru na kukirudisha.

Chumvi nayo ina kazi yake. Wakati wa kusi, upepo unapotoka baharini na mvua za masika hazijakoma, vijiti vya magurudumu hushika kutu upesi usipokuwa mwangalifu. Kabati langu ni la vioo, limekaa ukuta usiopigwa na jua kwa sababu jua hugeuza stika nyeupe kuwa za manjano, na kila rafu ina vifuko vya chembechembe za kukaushia unyevu, ambavyo navianika vinapolowa. Vumbi nalitoa kwa brashi laini ya poda, ile ya kina mama. Tena, matairi ya mpira hayafai kukaa moja kwa moja juu ya plastiki kwa miaka, kwani mafuta yaliyomo katika mpira huiyeyusha plastiki na kuacha alama zisizofutika. Chini ya kila chasisi naweka kipande cha mbao ili magurudumu yaning'inie.

Wageni wa Kitaliano walioishi Malindi wamekuwa neema kwangu. Miki Biasion alishinda Safari mwaka 1988 na 1989 akiwa na Lancia Delta Integrale, na Mtaliano mmoja mzee, alipokuwa anafunga nyumba yake, aliniita akaniuzia ya 1988 ikiwa bado katika kisanduku. Nilimwambia, "Mzee, hii ni mali ya mkusanyaji, usiiuze kwa bei ya mchezo wa mtoto." Akajibu kwamba aliwahi kuwauliza wajukuu wake, nao walitaka simu.

Pengo linaloniuma ni la madereva wetu. Joginder Singh nimempata, na Volvo PV544 aliyoshindia mwaka 1965, gari ambalo lilikuwa limeshatumika kabla hajalinunua. Shekhar Mehta, mshindi mara tano, anapatikana bila taabu. Lakini mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza wa 12 akiendesha Subaru Vivio, gari dogo lenye injini ya cc 660 hivi, katikati ya Toyota zenye nguvu mara kadhaa, na kigari cha mfano wake bado sijakipata dukani. Nimeagiza Vivio ya kawaida isiyo na alama zozote. Vyuma na taa nitavitengeneza mwenyewe kwa waya wa shaba, nikifuata picha za mwaka ule, na stika nitazichapisha hapa hapa mjini.