Waya wa Muziki Usipoingia Kwenye Kompyuta Mpakato

Msimu wa harusi ukianza, vijana wanaokodisha vyombo vya muziki hunipigia simu na malalamiko ya aina moja: waya unaotoka kwenye mikisa (mtambo wa kuchanganyia sauti) hauingii katika tundu la hedifoni la kompyuta mpakato, wageni wameshaketi, na msafara wa bibi harusi uko njiani. Kabla ya kusema lolote huwauliza kama waya hauingii kabisa, unaingia nusu, au unaingia wote lakini sauti inayotoka si ile inayotakiwa. Hayo ni matatizo matatu yenye sababu tofauti, na anayelazimisha pini kabla hajajua analo lipi huishia kulilegeza tundu ambalo lilikuwa zima.

Pini isipoingia kabisa, mara nyingi ni kwa sababu ni nene mno. Tundu la hedifoni la kompyuta limetengenezwa kwa pini ya milimita 3.5, ilhali mikisa, magitaa na vikuza sauti vingi hutumia pini ya milimita 6.35, ambayo asili yake ni mitambo ya kuunganishia simu ya karne ya 19. Rula ya mwanafunzi inatosha kuzitofautisha, kwa kuwa kipenyo cha moja kinakaribia mara mbili ya kipenyo cha nyingine. Ipo pia pini ya milimita 2.5, iliyotumika kwenye simu za mkononi za zamani. Hiyo hupita bila kizuizi, lakini hucheza ndani ya tundu na kuchomoka waya ukiguswa kidogo tu.

Dukani utapewa adapta ya kupunguza 6.35 kuwa 3.5, na itafanya kazi. Ile ya kipande kimoja kigumu, hata hivyo, siipendi. Waya wa mikisa ni mzito, adapta nayo imejitokeza ubavuni mwa kompyuta, kwa hiyo mpishi mmoja akipita na sufuria na kuukanyaga waya, kinachobanduka ni lehemu inayoshikilia tundu kwenye bodi. Ni afadhali adapta yenye kipande cha waya laini katikati, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Pini inayoingia nusu huwa na ukubwa sahihi, ila kuna kitu kinaizuia. Tazama kwanza plastiki inayozunguka shina lake: kompyuta nyembamba za siku hizi, hasa zikivalishwa kava, hazina nafasi ya kupokea shina nene. Si jambo geni, kwani iPhone ya kwanza ya mwaka 2007 ilikuwa na tundu lililozama ndani kiasi kwamba hedifoni nyingi za wakati huo hazikufika mwisho. Shina likiwa sawa, chukua tochi umulike ndani ya tundu. Utaona vumbi lililogandamana na nyuzi za nguo kutoka kwenye mkoba, na mara nyingine ncha ya pini nyingine iliyovunjikia humo. Uchafu hutolewa kwa kijiti cha meno cha mbao, kompyuta ikiwa imezimwa, wala si kwa sindano, ambayo hupinda vijisahani vya chuma vilivyomo ndani. Ncha iliyovunjika ina dalili yake: spika za kompyuta hunyamaza kwa sababu mashine inadhani hedifoni imechomekwa. Kwenye kompyuta za zamani za Apple zilizokuwa na njia ya sauti ya mwanga katika tundu hilohilo, utaona hata taa nyekundu ikiwaka ndani.

Tatizo la tatu ndilo linalowachanganya watu zaidi, kwa sababu kila kitu kimeingia vizuri lakini mwimbaji ametoweka. Vinanda vinasikika kwa mbali, mwangwi upo, ila sauti ya mtu haipo. Katika muziki wa stirio, sauti ya mwimbaji huwekwa sawasawa upande wa kushoto na wa kulia. Ukichukua waya wenye pini ya stirio ya 3.5 upande mmoja na pini ya stirio ya 6.35 upande wa pili, kisha ukauchomeka katika tundu moja la mikisa, mikisa haijumlishi pande hizo mbili. Tundu hilo limeundwa kupokea ishara moja iliyopitishwa kwenye nyaya mbili, kwa hiyo, kama katika hesabu ya kutoa, huondoa upande mmoja kutoka kwa mwingine, na kilicho sawa pande zote mbili hufutika. Ndiyo maana wimbo mpya utasikika nusunusu, ilhali taarabu ya zamani iliyorekodiwa kwa mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia, itakuwa kimya kabisa, na fundi ataanza kulaumu spika. Dawa yake ni waya wa tawi mbili: 3.5 ya stirio upande wa kompyuta, na pini mbili za mono upande wa mikisa, kila moja katika chaneli yake.

Dalili hiyohiyo hutokea pini isipofika mwisho, au pete zake zisipopatana na tundu. Hesabu pete nyeusi kwenye chuma: moja ni mono, mbili ni stirio, tatu ni stirio pamoja na maikrofoni. Za pete tatu zimewahi kutengenezwa kwa mipangilio miwili, CTIA na OMTP, ambayo hubadilishana nafasi ya maikrofoni na ya ethi, yaani njia ya pamoja ya kurudishia umeme wa sauti. Hedifoni ya OMTP kwenye tundu la CTIA hupoteza ethi, na mwimbaji huondoka nayo. Kompyuta zenye tundu moja leo hufuata CTIA. Zile za zamani zenye matundu mawili, la kijani la kutoa sauti na la waridi la maikrofoni, zinahitaji adapta ya kugawa pini ya pete tatu kuwa mbili.

Ziko pia kompyuta zisizo na tundu lolote la mviringo, bali USB ya Taipu C pekee. Hapo ndipo adapta mbili zinazofanana kwa sura hutofautiana kabisa kwa kazi. Moja ina chipu ndani yake inayogeuza sauti ya kidijitali kuwa umeme wa kwenda kwenye spika. Nyingine ni nyaya tupu, iliyokusudiwa simu zinazotoa sauti ya analogi kupitia Taipu C, na kompyuta nyingi hazitoi sauti kwa njia hiyo. Kwa hiyo ukienda Kariakoo kuinunua, beba kompyuta yako. Ichomeke palepale kaunta, fungua mipangilio ya sauti uone kama kifaa kipya kimeongezeka kwenye orodha, kisha cheza rekodi ya mtu anayezungumza, si muziki, ndipo utoe pesa.