Mipaka ya mihimili kwenye grafu ya AFC
Bukavu, Jumamosi usiku, umeme umerudi

Msimu wa TFC (kazi ya kumaliza masomo chuoni) ukifika, wanafunzi wanaochora AFC (analyse factorielle des correspondances, inayogeuza mistari na safu za jedwali kuwa nukta kwenye grafu) kwa programu ya R hulalamika jambo lilelile: "Nimeandika xlim = c(-1, 1), mipaka ya mhimili wa mlalo, R imechora -2 hadi 2!" R haijakosea. Grafu ya AFC huchorwa kwa asp = 1, yaani kizio kimoja cha mlalo kina urefu sawa na kizio kimoja cha wima. Eneo la kuchorea likiwa sentimita 16 kwa 8, na mipaka -1 hadi 1 pande zote, wima hupata sentimita 4 kwa kila kizio. Mlalo hauna budi kufuata: 16 ukigawa kwa 4 ni vizio vinne. Badilisha umbo la eneo, liwe mraba, na asp uiache ilivyo.

Ukiifuta asp, ukurasa unajaa vizuri, na hapo ndipo unapodanganyika. Mhimili wenye 9% ya inesha (jumla ya tofauti zilizomo kwenye jedwali) unavutwa hadi ulingane na wenye 70%, halafu, kwenye jedwali la masoko ya Bukavu, soko la Nyawera na lile la Kadutu yanaonekana yametengana kumbe yanakaribia kugusana.

Kabla ya kugusa mipaka, tafuta nukta inayoitanua picha. Tuseme mistari ya jedwali ni masoko na safu wima ni bidhaa, nawe umechagua "rowprincipal" (umbali kati ya masoko unabaki halisi, bidhaa zinatandazwa mbali zaidi). Safu yenye uzito c (sehemu yake katika jumla ya jedwali lote) inaweza kufika umbali wa kipeuo cha pili cha (1-c)/c kutoka kitovuni. Uzito 0.25 unatoa 1.73, uzito 0.01 unatoa 9.95! Bidhaa moja adimu, iliyouzwa mara chache sana, inatosha kuyabana masoko yote yawe kirundo katikati. Katika ca, pakiti ya R ya kufanyia AFC, "rowgreen" huzidisha kila safu kwa kipeuo cha pili cha uzito wake, na ile 9.95 inashuka chini kidogo ya 1. Vinginevyo iunganishe bidhaa hiyo na jamaa yake, mradi muungano una maana sokoni (sambaza na ndakala, wote samaki wadogo, sawa; sambaza na sabuni, hapana).

Ukishaamua kusogeza picha karibu, angalia unakata kwa kisu gani. Kwenye ggplot2, pakiti nyingine ya R ya kuchorea grafu, limits (mipaka) ndani ya scale_x_continuous hutupa nukta zilizo nje na kukuachia onyo ambalo hakuna anayelisoma. Tumia coord_fixed(xlim = ..., ylim = ...): inapunguza dirisha tu, na vizio vinabaki sawa. Taja chini ya grafu nukta zilizobaki nje.

Kulinganisha miaka miwili kunadai mipaka ileile kwenye grafu zote mbili. Iweke yenye ulinganifu, -1.2 hadi 1.2 kwa mfano, kwa sababu alama ya mhimili (chanya au hasi) haina mwenyewe: programu nyingine inaweza kuugeuza kushoto kulia, na ule mpaka wako wa -0.4 hadi 1.2 ukakata nusu ya masoko.