Majaruba Yaliyomezwa na Mierezi

Tiketi ya treni ya mwendo kasi kutoka Tokyo hadi Okayama ilinigharimu zaidi ya yen 17,000, karibu laki tatu za Tanzania, na hapo safari ilikuwa bado mbichi. Nikapanda treni nyingine, tukavuka bahari kwa daraja refu la Seto, tukaingia kisiwa cha Shikoku na kukwea milima hadi Otoyo, mkoa wa Kochi. Nyumba ya wageni ilinitoza karibu mara mbili ya bei niliyoiona mtandaoni wakati napanga safari. Kisa ni Obon, siku za katikati ya Agosti ambapo Wajapani hurudi kwao kusafisha makaburi ya wazee. Chumba kilikuwa na joto la kukosesha usingizi, choo kiko nje. Sisi wa Moshi tunaijua dhuluma hii kwa nauli za Desemba kutoka Dar, lakini kuijua hakupunguzi maumivu.

Otoyo ndiko kwao baba. Alikuja Tanzania miaka ya 1980, enzi za mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ambao Wajapani walisaidia kuujenga, ule unaotegemea maji ya mito ya Njoro na Rau. Akamwoa mama, akazeeka Moshi, akazikwa Moshi. Nilikua nikimwona ndani ya majaruba ya Chekereni, suruali imekunjwa hadi magotini, akibishana na wakulima kuhusu kina cha maji. Habari za kwao hakuzisema. Aliacha anwani na picha moja ya mlima uliochongwa ngazi za mpunga kutoka bondeni hadi karibu na kilele.

Ngazi zile sikuziona. Nilichokiona ni msitu wa mierezi, mweusi na umenyooka, umeshuka hadi kwenye kuta za nyumba.

Makaburini nilimkuta bibi kizee, kofia pana kichwani na kitambaa kimefunika shingo, anafyeka majani kwa mundu. Makaburi yale ni ya ukoo wetu, wala yeye si ndugu yetu; ni jirani. Nilipotaja jina la baba kwa Kijapani changu cha kuokoteza, aliweka mundu chini, akanishika uso kwa mikono yote miwili, akanikagua polepole. "Masikio ni ya babu yako," akasema. Alikuwa akiwafyekea tangu shangazi wa mwisho ahamie Osaka, na hakuna aliyemlipa wala kumwomba. Niliinama hadi kiuno kumshukuru, nikaona bado haitoshi, nikachukua mundu nikamalizia mimi.

Kisha akaniongoza msituni. Ana miaka 89, na mimi ndiye niliyeomba tupumzike. Ndani kabisa, katikati ya mashina, zikatokea kuta za mawe, moja juu ya nyingine, zimevaa kuvumwani ya kijani lakini hazijabomoka. Yale yalikuwa majaruba ya babu. Mierezi ilikuwa imesimama kwa safu palepale ilipokuwa ikipandwa miche ya mpunga. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilihimiza watu wapande miti ya mbao. Mwaka 1964 uagizaji wa mbao za nje ukaachiwa huru, na baadaye bei ikaanguka. Miti ikabaki imesimama, vijana wakaenda mijini. Miaka ya 1950 Otoyo ilikuwa na watu zaidi ya 20,000. Leo hawafiki 4,000.

Bibi alinionyesha mfereji. Maji yalikuwa bado yanapita, membamba, baridi. Alichuchumaa, akang'oa jiwe bapa, akakandika tope na bonge la majani upande wa pili, na maji yakageuka kuingia kwenye jaruba la zamani, yakapotea kwenye sindano kavu za mierezi. Nilishindwa kusema. Baba alifanya hivyohivyo Chekereni, jiwe, tope, majani, geti la chuma lilipokwama. Na babu yangu mzaa mama alifanya hivyohivyo kwenye mfongo, mfereji wa Kichagga, wa kule Marangu.

Jioni tulikunywa chai kwa kijana mmoja aliyetoka Osaka. Amekuja kwa mpango wa serikali, ulioanza mwaka 2009, wa kuwalipa watu wa mjini wakaishi vijijini hadi miaka mitatu. Anajifunza goishi-cha, chai ya Otoyo inayochachushwa mara mbili, ikakatwa vipande vidogo vya mraba na kuanikwa juani. Ina uchachu unaokaa ulimini. Nilimpenda kijana yule kwa bidii yake. Bibi naye anampenda, ila alimuuliza swali moja: usiku wa kimbunga, nani atatoka kwenda kuzibua mfereji? Kijana akajibu kwamba atatoka yeye. Bibi akamwongezea kachumbari ya figili.

Mimi nilikuwa nikifikiria kihamba chetu, shamba la ukoo. Nyumba nzuri, vigae, geti limefungwa Januari hadi Novemba, mlinzi na mbwa. Kahawa imezeeka na mfongo umezibwa na chupa za plastiki. Krismasi tunajaa, tunachinja, tunaondoka. Baba alitoa ujuzi wa mlima wake akaupeleka kwetu ukalisha watu, na mlima wenyewe ukabaki bila mtu. Sitaki nimfanyie babu yangu wa Marangu hivyo.

Nyumba ya baba paa limeinama. Kijana wa chai anaitaka, tayari kuitengeneza, lakini hati bado ni ya babu yake baba, na warithi wametapakaa Osaka, Kobe hadi Brazili. Tangu Aprili 2024 sheria inawalazimu warithi kusajili mali za namna hii ndani ya miaka mitatu, na ili nyumba nzima iuzwe kila mmoja wao lazima akubali. Barua za Osaka nimeshatuma. Ya Brazili inasubiri mtu wa kunisaidia kuandika Kireno.