Swali la 2006

Ratiba ya kukutana tena sisi tuliosoma chuo pamoja ilipotumwa kwenye grupu Alhamisi usiku nilicheka peke yangu jikoni. Siku mbili, mihadhara miwili, majopo matatu, na chakula cha mchana kimebanwa katikati kama abiria wa daladala ya Mwenge saa kumi na mbili jioni. Nimechangia laki na ishirini nikakae darasani tena? Nilichotaka mimi ni pilau, picha mbele ya ukumbi wa Nkrumah, na kuona nani ameota kitambi na nani kipara.

Sisi ni watu wa Ualimu. Tuliingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 2005, tukatoka 2008. Ndio kundi la kwanza kukopeshwa na Bodi ya Mikopo, ndiyo maana hadi leo tukikutana salamu ni moja: "Bumu limetoka?", yaani fedha ya mkopo. Sasa hivi wenye kuulizwa ni makato, lakini salamu imebaki.

Nafundisha Kondoa. Nilitoka na basi la alfajiri hadi Dodoma, nikapanda treni ya SGR, na kabla sijamaliza kuchagua dirisha la kulalia tulikuwa Morogoro. Mwaka 2005 safari hiyo ilinila siku nzima, nikashushwa Ubungo na sanduku la bati la dada yangu, jua linazama na sijui niende upande gani. Leo stendi imehamia Mbezi, Ubungo pana barabara zinazopita juu ya barabara, na dereva wa bajaji aliniuliza, "Chuo geti gani, mama?" Mama! Nilinyamaza hadi tukafika.

Jumamosi tulitakiwa kuanza saa tatu. Tukaanza saa tano kasoro. Lawama ni zetu wenyewe, kamati ni ya kwetu: mwenye spika alikuwa hajalipwa nusu yake, na mweka hazina simu yake ilikuwa inaita tu. Waliofika mapema tukaenda kupiga picha. Mwenzetu mmoja alikuja na noti ya mia tano ya zamani, ile ya 2010 yenye Karume mbele na Nkrumah Hall nyuma, ameihifadhi ndani ya kava la plastiki. Akaiinua mbele ya ukumbi wenyewe, tukapanga foleni kupigwa picha na noti. Siku hizi mia tano ni sarafu, na nyuma yake kuna nyati.

Mhadhara wa kwanza alipewa profesa wetu mmoja mstaafu, aliyetufundisha historia ya Tanzania mwaka wa pili. Jina lake siliweki hapa, hajaniruhusu. Ametembea kwa mkongojo hadi meza ya mbele, akakataa kiti, akakataa na maiki ilipopiga kelele mara mbili. Halafu akasema, "Wanangu, leo nitaongea Kiswahili. Nimestaafu."

Watu walicheka. Mimi sikucheka sana, maana nilishtuka. Mwaka mzima nilimsikiliza mzee huyu kwa Kiingereza, na sasa namsikia kwa mara ya kwanza akitania, akikatiza sentensi, akisema "ala!" na "basi bwana". Alituanzia Mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU, ambako chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 kama tawi la Chuo Kikuu cha London, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria. Uhuru wenyewe ulikuwa bado haujafika, ulikuja Desemba. Akatupandisha mlimani 1964. Akatufikisha 1966, na hapo ndipo nilipoacha kuchezea simu.

Mnajua kisa. Serikali ilitaka wahitimu waende Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa lazima, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wakaandamana hadi Ikulu, wamevaa majoho. Profesa alilisimulia joho kwa muda mrefu, lilivyo zito, linavyonata mgongoni kwenye jua la Dar. Baadhi walibeba mabango yaliyosema enzi za mkoloni zilikuwa nafuu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawajibu kwa hasira ambayo watu bado wanaizungumza, akatangaza papo hapo kwamba anakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha.

Sasa, kabla ya safari nilikuwa nimefungua boksi la vitu vya chuo kutafuta picha za kuchangia kwenye grupu. Nikakuta daftari la historia ya Tanzania la mwaka wa pili. Ukurasa wa nyuma kabisa, kwa penseli, kuna swali nimeliandika kwa Kiswahili: "Waliofukuzwa 1966 walirudi? Na waliorudi walikwenda JKT au walisamehewa?" Chini yake kuna majaribio matatu ya kulitafsiri. La kwanza nimekata katikati. La pili nimekata neno la pili tu, kitenzi kimenishinda. La tatu limekamilika, na pembeni yake nimechora mshale na kuandika "ameshapita". Maana yake nilipomaliza kulipanga, Profesa alikuwa tayari yuko Azimio la Arusha.

Nilisoma pale miaka mitatu. Kwenye vipindi vya Kiswahili nilikuwa mbishi hadi wenzangu wakanibatiza "Kiambishi", kwa jinsi nilivyogombania viambishi na mhadhiri wa mofolojia. Nikivuka kwenda kipindi cha historia, nakuwa bubu. Sikuuliza swali hata moja. Si kwamba nilikuwa sielewi. Mitihani nilifaulu, sapu, mtihani wa kurudia, sijawahi kuijua. Ila kuinuka mbele ya watu wote wale na Kiingereza changu cha Kondoa, hapana.

Kipindi cha maswali kilipofika nilinyoosha mkono. Nikalisoma kutoka kwenye daftari, kama lilivyo, nikamwambia na mwaka nilioliandika.

Profesa alinitazama. Akasema wengi wao walirudishwa mwaka uliofuata, na kwamba ukitaka kujua habari ya kila mmoja na JKT itabidi uwatafute waliobaki uwaulize, tena haraka, maana wanaondoka. Halafu akaegemea mkongojo. "Lakini binti, mwaka 2006 nani alikukataza kuuliza kwa Kiswahili?"

Sikuwa na jibu.

"Mimi ningekujibu," akasema. "Na ofisini mlango ulikuwa wazi. Wenzako walikuja, tuliongea Kiswahili mpaka jioni."

Nimeligeuza jambo hilo tangu siku ile. Miaka yote nimewaambia watu kwamba Kiingereza kilinifunga mdomo. Profesa kasema mlango ulikuwa wazi. Naona sote wawili tunasema kweli, na inanikera.

Baada ya chakula (pilau lilikuwa zuri, kachumbari ilikuwa chache) lilifuata jopo la ujasiriamali. Parachichi, kuku wa kienyeji, hisa. Kila mwanajopo alianza kwa kusema itifaki imezingatiwa, na kila mmoja alimaliza kwa kutoa namba ya simu. Nililala kidogo.

Jopo la lugha ya kufundishia ndilo lililonitoa jasho. Kwanza bango lake lilikuwa la Kiingereza. Mwendesha mjadala, mwenzetu aliye mkuu wa shule Mbeya, aliomba radhi akasema aliyechapa alinakili kutoka mahali. Wanajopo walikuwa watatu: mhadhiri wa Kiswahili, ofisa wa rasilimali watu wa kampuni moja, na mwenzetu aliyefungua shule mbili za mchepuo wa Kiingereza. Kwenye jopo la kutetea au kupinga Kiswahili, ofisa wa rasilimali watu hakumaliza sentensi moja kwa lugha moja.

Mhadhiri alikuwa na hoja iliyonyooka. Idara ya Kiswahili pale Mlimani ilianzishwa 1970, ikaungana na TUKI, taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, 2009 ikazaliwa TATAKI, taasisi ya taaluma za Kiswahili, na muda wote huo wamefundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili hadi ngazi ya uzamivu. Istilahi ziliundwa, watu wakazizoea. Kwa hiyo asije mtu kusema lugha haiwezi. Sera ya elimu ya 2014 ilikubali Kiswahili kitumike kufundishia, akaendelea, na sisi sote humu ndani tunajua madarasa yetu ya sekondari yanaendeshwaje. Mwenye shule akajibu kwa upole, na ndio upole uliomuuma zaidi mhadhiri: "Mimi silazimishi mtu. Januari wazazi wanapanga foleni getini kwangu wenyewe."

Nikanyoosha mkono tena. Safari hii sikuwa na daftari.

Nikawaambia hivi. Kidato cha kwanza changu kina watoto 64. Nawafundisha historia kwa Kiingereza, na tangu mtaala mpya uanze nawafundisha pia Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili. Watoto ni wale wale, chumba kile kile, mwalimu ni mimi. Kipindi cha Kiingereza nikiuliza kama kuna swali, nasikia bati linavyopasuka kwa jua. Kwenye Kiswahili nachelewa kutoka. Juzi tulikuwa kwenye vita vya Majimaji, nimewaeleza mganga Kinjeketile na dawa yake ya maji pale Ngarambe, na jinsi Wajerumani walivyomnyonga Agosti 1905 vita ndiyo kwanza vinaanza. Binti mmoja wa nyuma, ambaye kwenye kipindi kile kingine sijawahi kusikia sauti yake, akasimama: "Madam, yeye mwenyewe alijua kwamba maji hayazuii risasi?"

Ukumbi ukanyamaza. Hata ofisa wa rasilimali watu aliacha simu.

Nikasema, mimi swali kama hilo sikuliuliza hapa miaka mitatu. Yeye ameliuliza kidato cha kwanza, ana miaka 14. Watu wakapiga makofi, na nakiri nilianza kujisikia vizuri. Nilikuwa nageuka kukaa.

"Mwalimu," mwenye shule akasema, bado na upole wake, "samahani. Wa kwako anasoma wapi?"

Ananijua huyu. Tulikaa ghorofa moja. Tena mwaka juzi nilimpigia simu nikamwomba ushauri wa shule.

Nikajibu ukweli, ningesema nini? Wakubwa wawili wamepita shule ya kata. Kitindamimba yuko mchepuo wa Kiingereza, darasa la tatu, ada nalipa kwa awamu nne, na nimeingia kikoba kwa sababu yake. Kicheko kilichopigwa pale kilitosha kuezua paa. Mhadhiri wa Kiswahili ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikuwa anaangalia meza, na mtu aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza kwamba wa kwake naye wako huko huko.

Mwendesha mjadala akaona pa kufungia, akashukuru wanajopo, "kwa kuokoa muda".

Wakati wa chai Profesa aliniita kwa mkongojo. Nilidhani atanitania. Aliuliza jinsi yule binti alivyolisema swali la Kinjeketile, maneno yenyewe. Nikamrudia. Akaniomba nimwandikie nyuma ya ratiba kwa herufi kubwa, macho yake yamechoka. Nikamuuliza, basi jibu nimpe lipi? Akakunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akasema mwambie asome zaidi kisha akubishie.

Jumapili nilikosa mhadhara wa pili kwa sababu treni haingoji mtu. Nasikia ulikuwa wa shinikizo la damu na kwamba nusu ya darasa lilikutwa nalo.

Tulipopita Morogoro simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa kitindamimba, Kiingereza kitupu, maneno yanakimbizana: nimemnunulia viatu? Vya rangi gani? Vina kamba au havina? Nikasubiri treni itulie, nikabonyeza, nikamjibu kwa Kiingereza kwamba nilivinunua jana Kariakoo, na kwamba havina kamba.

Haikupita dakika akanirudishia. Hakuzungumzia viatu. Alikuwa ananisahihisha kitenzi.