Nimerudi Maji ya Chai, na floraidi nimeikuta

Sisi watu wa Maji ya Chai, huku Arusha, tunajuana kwa meno. Unaweza kukutana na mtu Kariakoo, hamfahamiani, akacheka kidogo tu ukaona ile kahawia imejichora kwenye meno ya mbele, na hapo hapo unajua ni wa kwetu. Kinachobaki ni kumuuliza kama kwao ni juu ya barabara ya Moshi au chini yake. Uholanzi hawana elimu hiyo. Daktari wa meno wa Delft aliniuliza nilianza kuvuta sigara nikiwa na umri gani. Nikamjibu sijawahi kuvuta hata moja, nimekunywa maji ya nyumbani, basi.

Sasa nimerudi, tena jumla. Niliondoka Kikwete akiwa bado Ikulu, nikasoma kemia ya maji, nikafanya kazi huko kwa muda mrefu kuliko nilivyomuahidi mama. Siku hizi nalala kwenye kihamba, shamba la nyumbani, cha marehemu baba, asubuhi nadandia Hiace hadi Tengeru kwenye kazi ya utafiti, jioni narudi na ndizi kama kuna mtu kanishawishi njiani. Wengi mmeniandikia mkiuliza nimekuja na teknolojia gani ya kutuondolea floraidi, hayo madini ya kwenye maji yanayotuchora meno. Teknolojia mnayo jamani. Ilikuwepo hapa hapa Ngurdoto mimi nikiwa bado navaa sare ya shule ya msingi. Nilichokikuta kimekosekana ni kingine, na ndicho kinachoninyima usingizi.

Kwa wasio wa huku nieleze kidogo. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake ina floraidi nyingi. Maji yakipita humo yanatoka na sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Hiyo kalsiamu ndiyo ingeikamata floraidi ikatuama chini kama mchanga. Ikiwa haba, floraidi inabaki imeyeyuka, haionekani, haina harufu, na kwa kiwango chetu haina ladha. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 vijijini, baadaye 4, kwa sababu ya wazi kabisa kwamba ukifunga kila kisima kinachozidi 1.5 kuna vijiji vitabaki bila tone. Mto wetu unapita miligramu 10. Mtoto akiyanywa kabla ya kufikisha miaka minane hivi, meno ya ukubwani yanaota yameshaharibika. Akiendelea kuyanywa, na yakiwa makali zaidi, inakuwa habari ya mifupa: matege, mgongo usiopinda. Wazee wa namna hiyo mnawafahamu, sina haja ya kuwaeleza.

Kuna jambo la Uholanzi lililokuwa likinichekesha peke yangu. Mwaka 1953 mji wa Tiel ulianza kutia floraidi kwenye maji ya bomba, makusudi, ili meno ya watoto yasitoboke, na mji jirani wa Culemborg ukaachwa bila kutiwa ili watafiti walinganishe. Meno ya Tiel yakawa na matundu machache. Lakini wananchi wengine wakagoma kunyweshwa dawa ambayo hawakuiomba, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 1973 mahakama ikaamua kwamba hakuna sheria inayoruhusu jambo hilo. Fikiria: wenzetu wanakwenda mahakamani kwa sababu ya floraidi isiyofika hata miligramu moja na nusu, na sisi tunateka mtoni. Sisemi walikosea. Nilichokipenda ni kwamba mtu wa kawaida alijua kilichomo kwenye glasi yake, akakigombania.

Turudi kwa mama. Mama anachemsha maji kila siku, na anafanya vizuri, taifodi ipo. Lakini kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki yote sufuriani, kwa hiyo kwa kila lita inaongezeka. Halafu kuna makande. Mama hapiki makande bila magadi, na mimi mwenyewe makande yasiyo na magadi nayaona kama adhabu. Miaka ya 1990 watafiti wa meno walikuta hapa nchini vijiji ambavyo maji yake hayana floraidi ya kutisha lakini watoto wana meno ya kahawia, na walipofuatilia jikoni wakafika kwenye magadi. Kwangu huo ni utafiti wa kiwango cha juu kabisa: mtu anaacha kisima, anaingia jikoni kwa watu, anauliza mnalainisha maharage kwa kitu gani. Nilipomweleza mama akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya mwanangu, mkaa wa kuivisha makande bila magadi utaleta wewe?" Swali zuri. Maharage na mahindi makavu bila magadi yanakula moto saa nyingine nzima na zaidi, na gunia la mkaa mnajua linauzwaje. Tumekubaliana kuyaloweka usiku kucha. Magadi yamepungua, hayajaisha.

Pembeni ya jiko ipo ndoo ya kuchujia, ile yenye koki, iliyoletwa na mradi mmoja nikiwa nje. Ndani yake kuna mkaa wa mifupa. Mama anaipenda, ameivika kitambaa alichokifuma mwenyewe, na wageni hupewa maji ya humo tu. Nikachukua maji kabla ya kuingia na baada ya kutoka, nikapima. Tofauti ilikuwa ya kuhesabika kwa shida. Ndoo imechoka siku nyingi. Maji yanatoka meupe, yamepoa, yanapendeza machoni, na floraidi inapita kama basi la usiku linavyopita kituo kisicho na abiria. Nikamuuliza mama mara ya mwisho walibadilisha lini mkaa. Akashangaa. "Kumbe unabadilishwa?"

Ikabidi niende kwa wanaochoma. Upande wa Ngurdoto, ambako Wizara ya Maji ina kituo chake cha utafiti wa floraidi, kuna mzee anayeijua kazi hii kuliko karatasi nyingi nilizosoma. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akaniweka kwenye kigoda bila kuuliza nimesomea nini. Mifupa ya ng'ombe inatoka machinjioni na mabuchani, inatolewa mafuta na nyama, inakaushwa, inapangwa kwenye tanuri kwa tabaka, mkaa wa miti, mifupa, mkaa wa miti, halafu hewa inabanwa. Joto linatakiwa liwe kwenye nyuzi 400 hadi 500 hivi. Mzee hana kipimajoto cha kuaminika. Alicho nacho ni macho. Alivunja vipande mbele yangu, akavipanga kwenye kiganja. Cha kahawia hakijaiva, kitatoa harufu na maji yatanuka nyama. Cheupe kimeingiwa na hewa, kimekuwa jivu, nguvu ya kukamata floraidi imekwenda. Anachokitaka ni cheusi tii hadi ndani, kinachovunjika kwa kulia, si kwa kusagika. Kemia yake ni rahisi kuieleza: mfupa umejengwa kwa madini yanayoipenda floraidi, ndiyo maana inatudhuru mifupa yetu; hapa tunaipa floraidi mifupa ya ng'ombe kwanza, ikae huko.

Na hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma. Tuseme gramu moja ya mkaa huo inakamata miligramu 2 za floraidi, ambayo ni makadirio ya tahadhari. Ndoo ina kilo 10, kwa hiyo uwezo wake wote ni miligramu 20,000. Familia inachuja lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia, maji yana miligramu 10 kwa lita: kila siku zinaingia miligramu 200. Gawanya. Siku 100. Siku ya 101 ndoo ile ile, kitambaa kile kile, inakuwa pambo. Kwenye kijiji chenye miligramu 4 ingedumu miezi minane. Mradi unaogawa ndoo zinazofanana kwa vijiji vyote viwili, unapiga picha, unaondoka, haujafanya hesabu ya darasa la saba.

Ndicho nilichosema kimekosekana: mtu wa siku ya 101. Nani anapima? Nani analeta mkaa mpya, kwa bei gani, na uliochoka unatupwa wapi? Mifupa yenyewe inagombaniwa na wasaga vyakula vya kuku, bei inapanda. Majirani wa tanuri wanalalamikia moshi, na wana haki. Huwezi kuchapisha hayo kwenye jarida la kemia, ndiyo maana wasomi tunayakimbia. Tunapenda kutafuta kichujio kipya, cha ganda la hiki au udongo wa kile, tunakijaza kwenye mrija wa kioo maabara, tunapata asilimia za kupendeza, tunaandika "kina matumaini". Nimesoma makala za aina hiyo nyingi mno. Nyingine ni za rafiki zangu, wanisamehe.

Miaka hiyo hiyo ya 1990 wataalamu wa Denmark na wa kwetu walijaribu hapa njia ya Nalgonda, iliyotoka India: ndoo mbili, shabu na chokaa, unakoroga, unasubiri, unachuja kwa kitambaa. Inafanya kazi. Ila inataka mtu apime unga kila siku ya Mungu, akoroge, asubiri, akatupe tope, na mtu huyo siku zote ni mama mwenye mambo mengine kumi.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja nikaandika malalamiko haya, nikidhani ni ya maji peke yake. Mwenzetu wa Morogoro anafahamiana na wale wa shirika la APOPO pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wanaofundisha panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mmoja anapitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, na anaibua wagonjwa ambao kliniki ilishawaambia hawana kitu, kisha maabara inathibitisha. Pua ya panya haina shida, anasema. Shida ilikuwa kumpata mgonjwa majibu yakitoka: kaacha namba ya simu ya jirani, jirani kahama. Walipobana muda majibu yatoke ndani ya saa 24, wakawapata wengi zaidi. Mwingine yuko Dodoma kwenye sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, ile iliyoua watu 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016. Naye: turubai la kukaushia mahindi linajulikana, mfuko usiopitisha hewa unajulikana, mkulima anauliza nani ataninunulia mahindi safi kwa bei tofauti na machafu.

Kuna wanaonifananisha na Dkt. Askwar Hilonga. Asanteni, ila mnanivisha koti kubwa. Yeye ni mtoto wa Gongali, Karatu, akasoma nanoteknolojia Korea Kusini, akarudi kufundisha chuo cha Nelson Mandela hapa Tengeru, na mwaka 2015 akawa wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya uhandisi ya Royal Academy ya Uingereza kwa kichujio chake cha mchanga na chembe za nano. Watu wanakumbuka tuzo. Mimi nakumbuka vituo vya maji: mjasiriamali anakaa na kichujio, anachuja, anawauzia jirani. Huyo akizembea kubadilisha, wateja wanaondoka na ugali wa watoto unaondoka. Siku ya 101 ina mwenyewe.

Kwa sasa ninachokisukuma ni kitu kisichonipa sifa yoyote ya kikemia: mvua. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, hayana floraidi ya kusemea. Bati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 linatoa karibu lita 400. Familia ya lita 20 kwa siku, kiangazi cha siku 150, inahitaji lita 3,000 za kunywa na kupikia. Kuoga, kufua na ng'ombe viendelee na mto. Hilo ni simtanki moja, mfereji wa bati, na nidhamu ya kumwaga maji ya mvua ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Bei ya tangi si ndogo, najua. Nimekaa na akina mama wa kikoba cha jumuiya yetu tukipiga mahesabu ya kununuliana kwa zamu, na mwenye mtoto chini ya miaka minane atangulie. Hapo kwenye kutangulia walibishana hadi giza likaingia, maana kila mmoja ana mjukuu. Masika ijayo tunaanza, yeyote atakayekuwa wa kwanza.

Wale mliobaki na ndoo za mradi, msizitupe. Leteni maji nipime, yaliyoingia na yaliyotoka, chupa mbili tofauti. Ziwe za plastiki, za kioo hapana. Suuzeni chupa mara tatu kwa maji yale yale mnayoyaleta, kisha andikeni juu yake maji ni ya wapi, tarehe, na kama mnakumbuka, mwezi ambao ndoo ilianza kutumika. Jumamosi mchana nipo nyumbani, mkikuta geti limefungwa mpeni mama.