Chenga kwenye uso wa bibi

Ilikuwa Novemba 2011, lile joto la Mtwara la kabla ya mvua, korosho zimeshaanza kushuka. Bibi yangu alikuwa uani kwake Mikindani anabangua korosho za kuchoma, mikono kaipaka majivu ili mafuta ya ganda yasimuunguze, na mi nilikuwa na kamera ya Zenit ya mjomba na roli 3 za filamu ya blakendi waiti, Ilford HP5, nilizoachiwa na mgeni mmoja, pamoja na dawa ya unga ya ID-11 ya kutokeza picha na fiksa ya kuifanya isifutike. Nikapiga roli nzima, picha 36, bibi tu.

Usiku nikaisafisha filamu bafuni kwa mjomba, dirisha nimeziba blanketi. Karatasi ya maelekezo ilisema dakika 7 na nusu, nikafanya dakika 7 na nusu kamili, tena nikawa natikisa kitanki cha filamu mfululizo mana niliamini ndo dawa inaingia vizuri, na maji niliyochanganyia yalikuwa ya simtanki lililoshinda juani. Karatasi hiyohiyo iliandika nyuzi 20 lakini hapo mi nilipita tu.

Kesho yake nikampelekea mzee mmoja aliyekuwa na studio zamani, mashine ya kukuzia bado anayo. Tukakuza ya kwanza, inchi 8 kwa 10, na uso wa bibi ulivyotokea kwenye dawa ulikuwa chenga tupu, kama tivii antena ikigeuzwa na upepo. Yale makunyanzi ya pembeni ya macho, ambayo ndo yalinifanya nishike kamera siku ile, hayaonekani. Niliumia sana yaani, mana bibi alikaa saa nzima kwa ajili yangu.

Mzee akainua negativu kwenye taa. "Nzito hii, umeipika mno. Maji yalikuwa na joto kiasi gani?"

"Sikupima, mzee."

Akanipa kipimajoto nikapime maji ya nyumbani. Nyuzi 31! Niliporudi akanielewesha taratibu: picha ya blakendi waiti ni chembe za fedha, dawa ikiwa ya moto inakimbia, chembe zinajazana na kurundikana, na ukitikisa bila kupumzika unaiongezea kasi. "Filamu ya aiso 400 kama hii, inayoshika mwanga haraka, ina chenga zake za kuzaliwa, hizo huziondoi. Ila hizi nyingine umeziweka wewe mwanangu."

Nikampiga bibi tena, na roli hiyo ya pili tukaisafisha wote. Nilinunua barafu feri kwa wauza samaki, tukaijaza kwenye beseni na chupa za dawa tukazisimamisha humo, barafu haiingii ndani ya dawa kabisa mana itaizimua. Kufika nyuzi 20 na kubaki hapo kwa joto lile ni kazi, tukasimama kwenye 24 na muda tukaupunguza mpaka dakika 5 na kidogo. Kutikisa ni sekunde 10 za mwanzo wa kila dakika, kugeuza tanki mara 4, afu unaliacha litulie. Fiksa na maji ya kusuuzia nayo tukayapoza yawe karibu na joto hilohilo, mzee alilikazania hili kuliko yote, anasema filamu ikitoka kwenye moto ikaingia kwenye baridi ghafla ngozi yake inaweza kujikunja na hapo hakuna dawa.

Ikatoka safi. Chenga zipo lakini ndogo, makunyanzi yote unayahesabu. Ila roli hiyo bibi alikuwa ameshajiandaa, kavaa kanga mpya, kakaa wima anaangalia kamera, na kile kicheko cha siku ya kwanza hakipo. Mi nilikitaka kile.

Mzee akarudi kwenye negativu nzito, akashusha kichwa cha mashine akaichapa saizi ya postikadi, kwenye karatasi laini isiyokoleza weusi na weupe. Chenga usipozikuza sana hazikusumbui macho, na hapo kwenye udogo ule bibi akaonekana anacheka.

Nikampelekea zote mbili. Ile kubwa ya kanga akaiweka pembeni, hii ndogo akaishika muda mrefu, anaisogeza mbali anairudisha karibu.

"Mikono ina majivu," akasema. "Ungeniambia ninawe kwanza mjukuu wangu."