Nilivua keria, kisha nikazirudisha

Mdogo wangu anafundisha sekondari ya kata huko Chemba, upande wa Kwa Mtoro. Likizo ya Desemba 2022 alikuja Dodoma, akakaa kwenye benchi la kibanda changu pale Majengo akinitazama naziba pancha. Mwishowe akasema, "Kaka, mimi nina wanafunzi wanaotoka kwao saa kumi alfajiri. Haya makorokoro yako hapa nyuma huna kazi nayo?"

Makorokoro yenyewe yalikuwa fremu sita za watu walioleta baiskeli kutengenezwa wasirudi. Kila fundi baiskeli anazo. Akanieleza kwamba watoto wa vitongoji vya mbali wanatembea kilomita tisa, wengine kumi na moja, kwenda tu. Wazazi wenye uwezo kidogo huwapangia watoto chumba karibu na shule, wenyewe wanaita geto, na binti wa miaka kumi na minne anajipikia na kulala peke yake. Mdogo wangu hakupenda kuongelea sana hayo mageto. Bodaboda ipo, lakini nauli ya siku mbili ni hela ya unga wa wiki.

Nilidhani kazi ngumu itakuwa kupata baiskeli. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, mitaa kama Kisasa na Ilazo imejaa familia za watumishi, na nyuma ya nyumba nyingi kuna baiskeli ya mtoto aliyekwisha kurefuka. Nilibandika tangazo kibandani, likaleta mbili. Nikatangaza kanisani, jirani yangu akatangaza msikitini kwake: saba. Mambo yalikwenda nilipoanza kuongea na walinzi wa mageti. Mwenye nyumba hakumbuki kama ana baiskeli, lakini mlinzi anaijua, maana kila asubuhi anaisogeza ili afagie. Nikawa napita jioni, nasalimia, naacha namba. Baada ya siku mbili tatu simu inaita: "Fundi, mama kasema njoo uchukue."

Hadi Juni 2023 nilikuwa na baiskeli 57, nyingine ni fremu tu nilizowahi kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla hazijapanda mzani. Mzee mmoja alinipa Phoenix yake ya ujanani, akanisindikiza mpaka barabarani huku ameshika tandiko, kama mtu anayeaga mgeni. Ofisi moja iliniita kikaoni, ikaniahidi ishirini mpya na tukapiga picha ya pamoja. Picha ninayo.

Baiskeli 57 zikazaa 31 zinazotembea. Anayesikia hesabu hiyo hudhani nimeiba nyingine, kwa hiyo nieleze. Mtu anakwambia "hii ni ya 26", yaani gurudumu la inchi 26, na wewe unaitikia. Lakini 26 ya zile za milimani ina rimu ya milimita 559, na 26 ya baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani, iliyoandikwa 26 × 1⅜, ni milimita 590. Tairi la hii halikai kwenye ile hata ulivute kwa meno. Kule Chemba, duka la kijijini likiwa na tairi, basi ni la 28, la Phoenix au Hero. Nikaamua kwamba saizi ambayo siwezi kuipatia angalau matairi mawili ya akiba haiendi Chemba. Inabaki kutoa pedeli, gololi, spoku na breki kwa wenzake. Pedeli nazo zilinila muda: ya kushoto hukazwa kinyume na ya kulia, na kuna watu walizilazimisha kwa nguvu mpaka meno ya mkono wa chuma yakaisha.

Gia nilizivua. Mchanga wa kule ukiingia kwenye gia mtoto anabaki na cheni mkononi. Kuna fremu ambazo nafasi ya ekseli ya nyuma imekatwa wima, gurudumu halivutiki nyuma kukaza cheni. Hizo nikaacha kile kimkono cha gia kikae kama cha kukazia tu, nikakifunga kwa skrubu kisihame.

Halafu mbigili. Asiyezijua aende akanyage kwa miguu mitupu. Ukichanganya mbigili na miiba ya migunga, tyubu mpya inaweza isimalize kilomita tano. Dawa niliyorithi kwa aliyenifundisha kazi ni kuchukua tairi chakavu, kukata zile kingo zenye waya, na kulilaza ndani ya tairi zima kama bitana. Pembeni unalichonga kwa wembe mpaka liwe jembamba, la sivyo bitana yenyewe itakula tyubu kuliko mwiba. Baiskeli inakuwa nzito, lakini inafika. Nilifanya hivyo magurudumu 62, na mke wangu akanihamishia chakula kibandani.

Usafiri ulikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea. Msimu wa mavuno Fuso nyingi huenda Chemba tupu kufuata alizeti na ufuta, zinarudi zimejaa. Dereva mmoja mteja wangu akakubali kunipakia kwa hela ya soda na ahadi ya kumtengenezea mwanawe baiskeli bure. Tulikwenda Julai, shule zimeshafunguliwa. Lami ya kwenda Kondoa tulikwenda vizuri. Tulipoiacha na kushika barabara ya vumbi kwenda magharibi, nilisimama nyuma nikizishika baiskeli kama ng'ombe wa mnada.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Kabla ya safari watu wazima watatu walinionya: ukimpa mtoto baiskeli, baba ataibebea mkaa. Nikaona nimepata akili. Nikavua keria zote. Isiyo na keria haibebi gunia, kwa hiyo itabaki ya mwanafunzi. Pale shuleni, mbele ya mkuu wa shule, mwenyekiti wa kijiji na wazazi, majina yalisomwa kwa kufuata umbali, wanafunzi wawili wa kitongoji kimoja wanapewa baiskeli moja, na kila mzazi akasaini kwamba baiskeli ni ya shule na si ya kazi za nyumbani. Kulikuwa na makofi. Niliwafundisha vijana wawili kuziba pancha, nikawaachia pampu, gundi, viraka, spana namba 15 na vijiko viwili vya kutolea tairi. Nikarudi Dodoma nimevimba kichwa.

Oktoba nilirudi kuangalia. Kati ya 31, zilizokuwa barabarani hazikufika ishirini. Nyingine zimeegemezwa ukutani, matairi yamelala, kuku wanatagia chini yake. Gundi na viraka vilikuwa vimekwisha Agosti. Nikauliza kwa nini mzazi hanunui kiraka, nikajibiwa kwa macho.

Aliyenijibu kwa mdomo ni bibi wa wanafunzi wawili. Nilimkuta ameketi anapepeta uwele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kigoda.

"Wewe ndiye fundi wa Dodoma?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Mwanangu, umetuletea kitu kizuri. Lakini tulisaini kisiguse maji." Akaelekeza kidole kule Mto Bubu, ambao wakati wa kiangazi unabaki mchanga na watu wanachimba mashimo kupata maji. "Mimi hela yangu ya mwezi naihesabu kwa vidole. Hicho chombo kisicholeta hata dumu moja humu ndani, niuze kuku nikinunulie mpira?"

Nikanyamaza. Akaendelea kupepeta, kisha akaniambia niende nyumba ya tatu nikaone. Nikaenda. Baba wa pale alikuwa amekiuka saini yake wiki ya kwanza tu: amefunga ubao nyuma kwa mipira ya tyubu kuukuu, jioni anabeba madumu mawili ya lita 20, asubuhi binti anaketi juu ya ubao huo huo, kaka yake anaendesha, wanakwenda shule. Tairi la nyuma lilikuwa jipya. Alilinunua mwenyewe, alikwenda mpaka Kondoa. Tulipozungukia nyingine zilizokuwa zinatembea, karibu zote zilikuwa na kitu kimefungwa nyuma.

Yaani nilikuwa nimeilinda baiskeli dhidi ya watu pekee ambao wangeweza kuitunza.

Nikazungumza na mkuu wa shule. Yeye aliogopa, na sikumlaumu, maana karatasi zimesainiwa mbele ya watu. Ikabidi kiitwe kikao kingine. Wazazi ndio walioweka masharti, tena makali kuliko yangu: asubuhi ya siku ya shule baiskeli haiguswi na mtu mzima; mkaa na magunia marufuku; maji ruksa, dumu moja kwa baiskeli ndogo; na pancha ni ya kaya inayobebea. Mama mmoja alisimama akasema atakayekutwa nayo kilabuni inyang'anywe siku hiyo hiyo. Alimtazama mumewe aliposema hivyo, watu wakacheka sana.

Nilirudi Dodoma kutengeneza keria nilizozivua, ila zile za awali zilikuwa za kuwekea begi la shule, si lita 20. Fundi wa kuchomelea jirani yangu alizitengeneza upya kwa nondo ya milimita 8. Tatizo likahamia kwenye magurudumu. Phoenix ina spoku 40 nyuma na 32 mbele, imezaliwa kwa mizigo. Za watoto nilizopewa nyingi zilikuwa na 28, nyembamba. Tulipoijaribu moja kwa dumu la maji kwenye makorongo ya Nkuhungu, spoku tatu zilikatika kabla ya jioni. Kwa hiyo baiskeli kumi na nne za inchi 20 na 24 nilizisuka upya kwa rimu na habu za spoku 36 nilizonunua kwa michango ya wateja. Nne nyingine za inchi 20 hazikuwa na namna. Hizo wanazitumia wadogo wa shule ya msingi, hazina keria, na nyumbani kwao ipo kubwa nyingine ya maji.

Bibi alipata Phoenix ya yule mzee. Wajukuu wake wawili ni warefu, wanaifikia.

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia: baiskeli 27 zinatembea, mbili zinasubiri tyubu, moja fremu imepasuka, moja imeibwa mnadani Kwa Mtoro ikapatikana bila kengele. Wale vijana wawili wamefungua kijiwe chini ya mbuyu na wanatoza pancha shilingi mia tano, wanafunzi mia mbili. Wameniagiza gololi za robo inchi, gundi dazeni moja, na tyubu za 24. Gololi na gundi ninazo tayari kwenye boksi. Tyubu za 24 nimezunguka soko zima la Sabasaba nimepata sita, na Fuso inaondoka Alhamisi.